Tokeni

Mama alisema shetani kapanga Tandika, Maguruwe,
nyuma ya genge la mkaa, bandani kwa Bi Sikudhani,
ana televisheni ya chogo na feni isiyozunguka,
wakubwa mia tatu, watoto mia.

Nilikwenda.
Jumapili mchana, na viatu vyeupe vya kanisani,
na sarafu ya sadaka imelowa jasho kiganjani.
Asubuhi ile mchungaji alihubiri habari ya mwana na baba.
Sikusikia. Nilikuwa nahesabu mapangaboi.

Ilikuwa picha ya Kihindi. Aliyeitafsiri
hatukuijua sura yake, sauti tu: Dijei Mkuno,
aliyemfanya kila Mhindi aongee kama mtu wa Temeke.
Tajiri mwenye kasri alidai kodi ya miezi sita, mkupuo.
Mawifi walirushiana maneno ya khanga.
Simba alipounguruma, Mkuno akasema,
"Huyu hajala tangu juzi, kama sisi,"
na banda zima likaanguka kwa kicheko,
hata Mponda, mlevi, aliyekuwa amelala.

Kisha yule kijana, aliyeuza shamba la baba yake,
akarudi.
Pekupeku. Mvua inamnyeshea, mvua ya sinema,
ile inayomchagua mtu mmoja.
Baba akatoka mlangoni, akasimama.
Na Mkuno, mwenye maneno kuliko redio,
akanyamaza.

Hakutafsiri.
Mzee alisema neno moja kwa lugha yake,
akalirudia, akalirudia,
wala hakuna aliyeuliza maana.
Nilimsikia fundi baiskeli, jitu la miraba minne,
akivuta kamasi.

Hapo giza likaingia. Pu!
Tukapiga miluzi, tukaitukana Tanesko na ukoo wake,
mpaka Bi Sikudhani aliposema kutoka kona yake,
"Msiwatukane. Ni Luku yangu imeisha,
na leo sina."

Kimya. Mtu akakohoa.
Benchi la nyuma ikawaka simu, kitochi kidogo cha buluu,
na sauti ikaanza kusoma, taratibu,
kama anayemsomea kipofu Zaburi:
"Nne, sifuri, saba, saba..."
Bi Sikudhani akabonyeza. Mita ikagoma.
"Rudia, mwanangu, macho yangu haya."

Ikarudiwa. Safari hii tukaitikia wote,
Maulidi na kofia yake ya kutoka kuswali,
dada wa mihogo, mikono bado ina pilipili,
Mponda, ambaye hajawahi kufikisha kumi bila kupotea,
namba ishirini, moja moja, gizani,
na mimi na viatu vyangu.

Ti.

Mwanga ukatupiga usoni, tukaonana.
Nilitafuta nani ana simu mkononi.
Zilikuwa nne, tano, na kila mtu anatazama mbele.
Mpaka leo sijui ni nani.
Bi Sikudhani naye hakuuliza, alisema tu
"Haya," kama mtu anayepokea kikombe cha maji.

Lakini deki ilikuwa imesahau tulipofika.
Ikaanza mwanzo.
Yule kijana yuko shambani, anapiga mluzi, jembe begani,
hajauza kitu, hajaondoka,
baba yake anamwita chai.
Nilidhani watu watadai walipofika.
Wakaketi vizuri.

Sikuona mwisho. Jua lilikuwa linaniwahi.

Mama alikuwa uani, anachambua mchele.
"Umetoa sadaka?"
"Nimetoa, Mama."
Akatazama miguu yangu. Viatu vilikuwa vyeusi,
mkaa mtupu, mpaka kwenye kamba.
Mkaa unauzwa mahali pamoja tu njia ile,
na Mama aliijua njia ile.

Akaweka ungo chini.
Akaleta maji, na kipande cha sabuni ya mche,
akanivua kimoja, akanivua cha pili,
akaanza kusugua yeye mwenyewe,
midomo inatembea, sauti haitoki.